Kopo, tishu au bomba la mkono: uweke nini chooni kwako?

Ukijenga nyumba, fundi bomba ana maswali mengi na hakuna linalomtia haya. Tangi la juu liwe la lita ngapi? Choo cha kukaa au cha kuchuchumaa? Sinki la mikono likae ndani au ukumbini? Lipo moja tu ambalo halimtoki mdomoni: watu wa nyumba hii wakimaliza haja wanajisafisha kwa nini? Mwenye nyumba naye halitaji, maana ataanzaje? Ndivyo tunavyopata vyoo vya vigae vinavyong'aa ambamo mtu wa Pemba akiingia hana pa kuchota maji, na vingine ambamo mtu wa Njombe anatafuta tishu mpaka chini ya sinki. Wote wawili hutoka wakitabasamu, na mwenyeji hajui kilichowapata.

Kwa hiyo nalitaja mimi. Maelezo haya ni ya mtu aliye karibu kuamua: anajenga, anakarabati, anafungua nyumba ya wageni, anahamia nchi ya baridi, au ameingia kwa ndoa katika ukoo wenye desturi nyingine. Upande wangu nauweka wazi mapema: maji kwanza, kisha tishu ya kukaushia. Lakini viko vyoo ambavyo upande wangu unashindwa, na nitavitaja.

Ugomvi wenyewe ni mkongwe

Ubishi wa maji na karatasi umetangulia mabomba. Mwaka 589 msomi wa Kichina aitwaye Yan Zhitui aliandika kwamba karatasi yenye maneno ya vitabu vitukufu au majina ya wenye hekima hathubutu kuitumia chooni. Maana yake karatasi nyingine zilikuwa zinatumika, tena kwa kawaida. Mwaka 851 maelezo ya wafanyabiashara wa Kiarabu waliofika Uchina yakaja na lawama: watu wa huko hawajioshi kwa maji, wanajipangusa tu kwa karatasi. Zaidi ya miaka elfu moja imepita na lawama ni ileile. Utaisikia bwenini siku ya kwanza ya muhula, pale wanafunzi wa Tanga na wa Iringa wanapogawana choo kimoja.

Kinachonifurahisha ni kwamba Yan Zhitui na mwalimu wa chuo cha Kurani pale Lamu wangekubaliana jambo moja bila kujadiliana. Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, nayo inakataza kustanji (kujisafisha baada ya haja) kwa kitu chenye heshima: chakula, au karatasi iliyoandikwa elimu.

Watu wa maji wana hoja wanayoirudia tangu utoto: ukikanyaga kinyesi cha ng'ombe, utaupangusa mguu kwa karatasi kisha uvae kiatu uende zako? Watu wa karatasi hujibu: nyinyi mnashika kwa mkono, halafu mnakuja kutusalimia. Hapo mazungumzo hufa, kila mtu akiwa ameridhika kwamba mwenzake ndiye mchafu. Ukweli ni kwamba kila mmoja anatazama mahali pake. Wa maji anatazama kilichobaki mwilini; wa karatasi anatazama kilichopita mkononi. Na wote wawili wameona sawa. Karatasi huacha mabaki, na mkono wa kuchambia hubeba vijidudu.

Ila karatasi nayo si ukuta. Inalowana, inatoboka, na mkono wa aliyejifuta unahitaji sabuni sawasawa na mkono wa aliyechamba. Kipindupindu, homa ya matumbo, homa ya ini aina ya A na baadhi ya minyoo vyote hupita njia moja, kutoka kinyesini kwenda kinywani, na havimuulizi mtu alilelewa pwani au bara. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, nunua ndoo yenye koki na kipande cha sabuni, uviweke mlangoni pa choo. Kopo na tishu vitafuata.

Pwani suala la mkono lilipatiwa jibu la adabu kabla sabuni haijawa kitu cha kila duka. Wa kushoto una kazi yake, wa kulia unakula, unapokea na kusalimia. Sinia moja la pilau kwa watu watano linawezekana kwa sababu kila aliyelizunguka anaamini wenzake wameshika mgawanyo huo. Ndiyo maana mtoto akichota tonge kwa kushoto hukemewa upesi kuliko mtoto mwenye kamasi. (Wenye kushoto wa kuzaliwa waliumia sana na desturi hii, na wengi wao hadi leo wanakula kwa kulia na kuandika kwa kushoto.)

Wala watu wa bara wasihesabiwe kuwa waliacha maji kwa uvivu. Pale ambapo ndoo moja imepanda kilima kichwani mwa mama kutoka mtoni, na choo cha shimo kiko mwisho wa migomba, maji hayo yana kazi ya kupika na kunywa kwanza. Jani laini, gunzi la mahindi, baadaye gazeti kuukuu, vilikuwa jibu la busara. Wamarekani wa mashambani walitumia magunzi hayohayo, pamoja na kurasa za orodha za bidhaa zilizotumwa kwa posta. Joseph Gayetty alipoanza mwaka 1857 kuuza New York karatasi maalumu za chooni zilizotiwa shubiri, alikuwa anawauzia watu kitu ambacho walikuwa wanakipata bure. Kilichobadilisha hesabu kila mahali ni bomba lililofika hadi chooni. Basi uamuzi wako uanzie hapohapo: je, maji yanafika chooni kwako, na yanafika siku ngapi kwa wiki?

Kopo

Kopo halina valvu ya kuharibika, halihitaji fundi, na mgao wa maji ukiingia linaendelea na kazi ilimradi ndoo imejaa. Lita moja inamtosha mtu mzima, na mzoefu hutumia pungufu. Ukinunua, chukua lenye mdomo mrefu, lile la umbo la birika, badala ya kopo la rangi lililokatwa. Mdomo unaongoza maji yaende unapotaka, na unapunguza kurukia miguuni.

Udhaifu wake ni mahali linapokaa. Kopo lililowekwa sakafuni pembeni ya tundu linashikwa na kila anayeingia, tena chini yake pamelowa. Litundikwe au liwekwe kwenye kijukwaa, na lisuguliwe kwa sabuni kama unavyosugua sakafu. Kibaya zaidi ni pipa la maji na kata inayozamishwa humo na kila mtu. Humo maji ya watu wote yanashiriki mikono ya watu wote. Pipa liwe na koki chini, kopo likinge.

Kwao kopo ni kwenye choo cha kuchuchumaa. Hapo linafanya kazi vizuri kuliko kifaa kingine chochote: mwili umefunguka, maji yanaanguka moja kwa moja, mkono una nafasi. Lipeleke kwenye choo cha kukaa na matatizo yanaanza. Nafasi ni finyu, maji yanamwagikia kiti, na anayefuata anakuta kiti kimelowa asijue ni maji ya nini. Katika nyumba za kupanga zenye choo cha kukaa kimoja kwa vyumba sita, nusu ya ugomvi inatoka hapo. Mwenye kopo anaambiwa mchafu wakati yeye ndiye aliyejiosha. Kama choo chako ni cha kukaa na una maji ya bomba, usimwekee mtu kopo. Nenda moja kwa moja kwenye bomba la mkono.

Tishu

Tishu inaingia mfukoni, haihitaji ufundi, haimwagi kitu, na inafaa basi linaposimama porini saa nane usiku. Kwenye choo cha umma ambacho huyaamini maji yake wala kopo lake, ndiyo mkombozi. Sina ugomvi nayo.

Gharama yake ni ya kila wiki. Kopo unalinunua mara moja. Tishu unainunua maisha yako yote. Mzazi wa Kenya anayempeleka mtoto kidato cha kwanza shule ya bweni anaikuta kwenye orodha ya manunuzi pamoja na ndoo na godoro, na mtoto hujifunza haraka kuifungia sandukuni. Familia kubwa inayotegemea tishu peke yake ifanye hesabu ya mwaka mzima, isihesabu ya bunda moja. Mara nyingi kwa fedha hiyo bomba la mkono lingeshalipwa, na fundi wake pia. Zile za bei ya chini kabisa zinakatika mkononi na kuacha vipande mwilini, kwa hiyo unatumia mara mbili na akiba inapotea.

Iko kazi moja ambayo tishu haina mpinzani, nayo ni kukausha. Hapa sisi watu wa maji tuna upungufu ambao hatupendi kuambiwa. Wengi wetu tukimaliza kuchamba tunavaa hivyohivyo, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa unyevu uliobanwa na nguo ni shamba la fangasi. Vipande viwili vya tishu vinamaliza tatizo. Asiyependa kununua tishu akate vitambaa vidogo vya pamba, kila mtu na chake, vifuliwe na kuanikwa juani.

Kwa Mwislamu anayejiuliza kama tishu inatosha: katika fiqhi ya Kishafii inayosomeshwa vyuoni pwani, kustanji kwa jiwe au kitu kikavu kinachofanana nalo kunakubalika kwa masharti yake, mojawapo likiwa uchafu usiwe umesambaa kupita mahali pake wala haujakauka. Maji ni bora kuliko jiwe, na kuanza na kikavu kisha kumalizia kwa maji ni bora zaidi. Mamlaka ya dini ya Uturuki ilitamka mwaka 2015 kwamba karatasi ya chooni haina tatizo, huku ikiyatanguliza maji. Kwa hiyo kutumia vyote viwili si ugunduzi wa hoteli za kitalii. Watoto wa madrasa walikuwa wanausoma kabla hoteli hizo hazijajengwa.

Bomba la mkono

Hili ndilo lile bomba dogo lenye mpira na kibonyezo, linalotundikwa ukutani karibu na choo. Waliotoka Oman na Dubai huliita shatafu. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ukiulizia muslim shawa unapewa hilohilo. Kwa choo cha kukaa, kwa maoni yangu, halina mpinzani wa bei yake. Mkono mmoja unaelekeza maji, mwingine unasafisha, au unaacha nguvu ya maji ifanye kazi yote na mkono usiguse kitu. Mtu wa karatasi ambaye hakuweza kuzoea kopo, hapa huwa anashawishika.

Lakini linawekwa vibaya mara nyingi kuliko linavyowekwa vizuri, kwa sababu ile aibu niliyoitaja juu. Fundi anatoboa pale mrija wa maji ulipo karibu, mara nyingi nyuma ya mgongo au upande wa kushoto. Mwambie mapema kabla vigae havijabandikwa: liwe upande wa kulia wa mtu aliyekaa, usawa wa paja au juu kidogo, ulifikie bila kujipinda. Mkono wa kulia ushike bomba, wa kushoto ufanye kazi. Likiwekwa kushoto, mwenye kufuata adabu ya mikono analazimika kulivusha mbele ya tumbo kila siku ya maisha yake.

Jambo la pili ni koki yake ukutani. Mpira wa bomba hili haukutengenezwa kukaa na presha ya tangi usiku na mchana. Ukipasuka mkiwa safarini mtarudi na kukuta chumba kimekuwa kisima. Koki ifungwe kila baada ya matumizi; watoto wafundishwe hivyo kama wanavyofundishwa kuzima taa.

La tatu ni maji ya chumvi. Visima vingi vya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hutoa maji yenye chumvi, na vifaa vya bei rahisi vilivyopakwa rangi ya fedha juu ya chuma dhaifu huvimba na kubabuka baada ya muda mfupi. Kwa maji hayo, bomba la plastiki nzuri au la chuma kisichoshika kutu litaishi zaidi kuliko lile linalong'aa dukani. Kichwa kikianza kuziba kwa chokaa ya maji, kiloweke kwenye siki.

La nne halisemwi madukani. Bomba likiachwa linaning'inia ndani ya bakuli la choo, na maji ya mtaani yakakatika ghafla, mrija unaweza kunyonya kurudi nyuma na kuvuta maji machafu kuelekea bomba la kunywa. Bomba linalolishwa na tangi la juu la choo pekee lina hatari ndogo kuliko linalofungwa moja kwa moja kwenye mrija mkuu. Uingereza wanalichukulia kwa uzito: kanuni zao za maji zinaweka maji ya bakuli la choo katika daraja la 5, la hatari kuu, na bomba la mkono haliruhusiwi kufungwa moja kwa moja kwenye maji ya mtaa bila kizuizi kinachokubalika. Mwenzangu unayepanga London, usimwite fundi wa mitaani akufungie kimyakimya. Mwenye nyumba akigundua, deni ni lako.

Katika nchi za baridi kuna suala jingine la wazi, nalo ni ubaridi wa maji mwezi wa kwanza. Wafini wamelitatua vizuri. Bomba la mkono liko karibu kila choo cha Finland, na limeunganishwa na bomba la sinki la maji moto na baridi, kwa hiyo unachagua joto lako. Nchi hiyo si ya Waarabu wala ya Waislamu, na nimeshaitumia zaidi ya mara moja kumnyamazisha anayedhani maji chooni ni mambo ya dini.

Bideti, na viti vya Kijapani

Bideti, lile bakuli la pili la kukaa pembeni ya choo, lilianzia Ufaransa, na Wafaransa wenyewe wameliacha kwa kiasi kikubwa huku Wataliano wakilishikilia. Italia ilitoa amri mwaka 1975 kwamba kila nyumba iwe nalo katika bafu angalau moja. Mtaliano anayekuja Malindi au Watamu na kukuta choo hakina maji yoyote ya kujisafishia anashangaa kama anavyoshangaa mtu wa Kizimkazi kule Unguja. Kwa kujenga huku kwetu silipendekezi: linakula nafasi ya mita nzima kwa kazi ambayo bomba la mkono linaifanya likiwa ukutani.

Viti vya Kijapani ni habari nyingine. Kampuni ya TOTO ilianza kuuza Washlet mwaka 1980, kiti chenye mrija unaojitokeza, maji ya uvuguvugu na, katika matoleo mengi, hewa ya kukaushia. Leo sehemu kubwa ya nyumba za Japani zina kiti cha aina hiyo, na nchi hiyo haikuwa na desturi ya kopo. Walikuwa watu wa karatasi. Kwa hiyo anayesema desturi ya chooni haibadiliki ana mfano wa kueleza. Kwa wengi wetu bei yake ni kikwazo, lakini yuko mtu mmoja ambaye kinamfaa kuliko vyote, na nitamfikia.

Tishu za majimaji

Hapa sina usawa wa kujifanya nao. Zile tishu zilizolowanishwa kiwandani zinauzwa kama mapatano ya maji na karatasi, nazo zina kasoro za pande zote mbili. Kwanza ngozi: kihifadhi kiitwacho methylisothiazolinone, kilichokuwa kinatiwa kwenye nyingi, kilisababisha mzio kwa watu wengi kiasi kwamba wataalamu wa ngozi wa Marekani walikitaja kuwa kizio cha mwaka 2013, na Umoja wa Ulaya ukakiondoa katika vipodozi vinavyobaki mwilini. Mtu anawashwa, anadhani hajatakata, anajifuta zaidi, anawashwa zaidi. Pili mabomba: haziyeyuki kama tishu ya kawaida. Mwaka 2017 chini ya Whitechapel, London, lilikutwa donge la mafuta na tishu hizo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Bomba la chemba yako, la inchi nne, halihitaji donge la hivyo. Zibaki kwa safari na kwa mtoto mchanga mkiwa njiani, na ziishie kwenye pipa la taka.

Mwili una lake la kusema

Kwa mwanamke, mwelekeo ni muhimu kuliko kifaa: toka mbele kwenda nyuma, iwe kwa maji au kwa tishu. Bakteria wa utumbo wakisogezwa mbele ndio chanzo kikubwa cha UTI, na kopo linalomwagwa kwa haraka kutoka nyuma linawasogeza vilevile. Bomba la mkono nalo lisielekezwe ndani kwa nguvu. Uke unajisafisha wenyewe. Kuusukumia maji ndani, au sabuni yenye manukato, kunavuruga ulinzi wake. Nje inatosha.

Mwenye bawasiri au mpasuko achague maji bila kusita. Karatasi kavu juu ya kidonda ni adhabu. Kadhalika mzazi aliyeshonwa: maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa yakapoa, kwa kumimina taratibu, kisha akaushe kwa kugusisha, asisugue. Hapo hata Marekani, nchi ya tishu, hospitali humpa mama kichupa cha plastiki cha kubonyeza amwagie maji. Kwa jina lingine, ni kopo.

Shimo, chemba na pipa

Sehemu hii ndiyo inayopindua uamuzi mara nyingi, na wengi wanaifikiria mwishoni.

Choo cha shimo kinameza tishu bila tatizo, na kinameza maji ya kopo vilevile, kwa kiasi. Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, kama mabondeni mwa Dar es Salaam na sehemu nyingi za Unguja Mjini, kila lita unayoongeza inajaza shimo mapema na kusukuma uchafu kuelekea kisima cha jirani. Kopo hapo ni sawa. Bomba la mkono lililoachwa linavuja si sawa.

Choo kikavu, kile kinachotenganisha mkojo na kinyesi ili kutengeneza mbolea, hakitaki maji ndani ya chumba cha kinyesi hata kidogo. Maji yakiingia, kinanuka na mbolea inaharibika. Kwa jamii ya watu wa maji choo hicho kinahitaji tundu la tatu, mtu asogee kando achambe hapo, maji yaende kwenye bustani au kokoto. Miradi iliyosahau tundu hilo katika vijiji vya Waislamu huwaachia watu choo wasichoweza kukitumia. Kama watumiaji ni watu wa karatasi, choo hicho hakina shida.

Choo cha kuflashi chenye shimo la maji taka kinapenda maji na kinavumilia tishu ya kawaida. Hakivumilii gazeti, kitambaa wala taulo za hedhi. Mabomba yakiwa membamba au ya zamani, weka pipa lenye mfuniko kwa ajili ya tishu. Ugiriki na sehemu za Uturuki hufanya hivyo, kwa hiyo hakuna wa kumwonea haya.

Basi uweke nini?

Unajenga nyumba yako mwenyewe, una tangi la juu, choo ni cha kukaa: bomba la mkono upande wa kulia, koki yake, na kishikilia tishu upande wa pili, mbali na maji yanayoruka. Ukiwa na nafasi ya vyoo viwili, cha pili kiwe cha kuchuchumaa chenye koki ya chini na birika. Wageni wa msiba na harusi watakushukuru, na kusafisha ni rahisi.

Maji yanakuja mara mbili kwa wiki: choo cha kuchuchumaa, pipa lenye koki, birika, tishu akiba. Usiingie gharama ya bomba la mkono litakalokauka.

Unafungua nyumba ya wageni: weka vyote, na usiandike tangazo ukutani la kumfundisha mtu mzima kujisafisha. Mgeni wa maji akiona bomba anajua. Mgeni wa karatasi akiona tishu anajua. Pipa la mfuniko lenye mfuko ndani litabakia la lazima kwa ajili ya wanawake, na limwagwe kila siku.

Umepanga chumba Ulaya au Amerika na huruhusiwi kugusa mabomba: kichupa cha kubonyeza au kopo la kumwagilia maua lenye mdomo mrefu, ulijaze kwenye sinki kabla ya kukaa. Waislamu wengi wa Uingereza wanaishi hivyo miaka nenda miaka rudi. Machi 2020, rafu za tishu zilipobaki tupu madukani kutoka Sydney mpaka London, ndio waliolala usingizi.

Umeoa au umeolewa kwa watu wa desturi nyingine: ongeeni wawili kabla ya mkwe kuja kukaa, na kitu chake kiwepo siku anayofika. Mama mkwe kutoka Mbeya hatamwomba mkwewe tishu, na bibi kutoka Mafia hatamuuliza mjukuu kopo liko wapi. Kila mmoja atakaa na dhiki yake mpaka arudi kwao, na mtasikia amerudi mapema.

Na yule mtu niliyesema nitamfikia: mzee aliyepata kiharusi, au bibi ambaye viungo vimekaza hawezi tena kufikia nyuma. Huyo kopo halimsaidii, tishu haimsaidii, na kuoshwa na mwanawe wa kumzaa ni jambo linalomkata moyo kuliko ugonjwa. Kiti cha maji kinamrudishia faragha yake. Cha umeme kinataka soketi yenye waya wa ardhini na swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, iliyofungwa na fundi umeme kweli, si waya wa kuunganisha uliopita chini ya mlango. Usipokuwa na umeme wa kuaminika, kipo cha kupachika chini ya kiti cha kawaida kinachotumia presha ya tangi peke yake, kwa kuzungusha kitasa pembeni. Mwulize kwanza ni mkono gani una nguvu, kisha kitasa kiwe upande huo, hata kama ni wa kushoto.